Sanduku la Mihuri Miwili

Mwanamke huyu hajawahi kuvuta sigara hata moja, na bado wanaume wenye magari ya fahari walikuwa wakimngoja yeye aseme neno ndipo nao wajue la kusema. Walimwita Bibi Unyevu. Nyuma ya duka la tumbaku palikuwa na chumba kisicho na dirisha, kilichopigwa mbao za mwerezi toka sakafuni hadi darini, na humo ndimo zilimolala sigara za Kuba, zile nene zinazoviringishwa kwa mkono. Kazi yake ilikuwa kuzitunza zisikauke wala zisiote ukungu. Kila asubuhi alisoma kipimo cha unyevu, akaongeza maji kwenye beseni, akahamisha masanduku, ya chini juu na ya juu chini. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Wajukuu zake walisema bibi yao ni muuguzi wa wagonjwa wasiokohoa.

Kabla ya hapo alikuwa kwenye bohari la tumbaku. Mama yake mdogo ndiye aliyemwingiza, akamkalisha kwenye benchi la kuchambua majani kwa rangi. Wachambuzi wengine waliona rangi tano, sita wakijitahidi. Mama mdogo aliona kumi na tisa, na alipoulizwa anazionaje, alisema haoni chochote, vidole ndivyo vinavyomwambia. Binti alidhani ni mikogo ya watu wazima. Mwaka wa tatu, siku moja akiwa amefumba macho kwa uchovu, alishika jani na akajua limechumwa sehemu gani ya mche. Alifumbua macho, akalitazama, ikawa kweli. Akalia palepale benchini mbele ya watu, na hadi leo hajui kwa nini, ila anasema aliogopa vizuri.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu matoleo maalumu? Maana kila baada ya muda yaliletwa masanduku ya idadi ndogo, yamepakwa vanishi mpaka unajiona sura, na kila sigara imevaa pete ya pili ya karatasi chini ya ile ya kawaida. Zilisemekana zimelazwa miaka mingi ili zikomae kabla ya kuuzwa. Baadhi ya wakusanyaji walizigombania kama mahindi ya msaada. Wengine walicheka, na Bibi Unyevu alikuwa upande wa wanaocheka. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema, kwa sababu alishaona tumbaku ya msimu uliopita ikivishwa pete mbili na kupandishwa cheo.

Mkuu wa wenye shaka alikuwa daktari wa meno mstaafu, aliyekuja kila Alhamisi alasiri na lenzi yake mfukoni. Alikuwa ametumia miaka arobaini kutafuta uozo vinywani mwa watu, na kustaafu hakukumponya. Aliketi na wenzake chumba cha mbele, kwenye viti vya ngozi, wakikosoa masanduku ya watu wasiokuwepo.

Katika kundi hilo alikuwemo mmoja tu aliyekuja kwa miguu. Alikuwa fundi wa lifti katika majengo marefu ya mtaa ule, mtu wa maneno machache, na alinunua sigara moja kwa mwezi. Aliivuta kwenye kiti cha kona, taratibu, akisikiliza. Walimwita Fundi Lifti na hawakumuuliza mengi zaidi.

Mwaka juzi Fundi Lifti aliingia na sanduku zima, amelifunga kwa taulo. Alikuwa amelipata kwa mpangaji mmoja aliyehama nchi. Alilitua mezani, uso umemnawiri. "Hizi zililazwa miaka minane kabla ya kuuzwa," alisema.

Daktari hakufungua kifuniko. Alilipindua sanduku, akaweka lenzi chini yake, na hapo wote wakaona: mihuri miwili, mmoja wa mwaka fulani na mwingine wa miaka minane baadaye. "Limegongwa mara mbili," daktari alisema. "Mtu ameokota sanduku kuukuu, akajaza anachojua mwenyewe."

Sanduku lenye mihuri miwili lilikuwa halijapata kufika dukani kwao. Vichwa vikamgeukia Bibi Unyevu, aliyekuwa akipita na beseni la maji. Hakulitua. "Fundi, sanduku halizaliwi mara mbili," alisema. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Chumba kilicheka. Fundi Lifti naye alicheka kidogo, asije akawa peke yake asiyecheka. Kisha akalifunga sanduku kwa taulo, tena kwa uangalifu, akaaga kila mtu. Hakurudi tena. Ulimi hauna mfupa, na Bibi Unyevu alijifariji kwamba ukweli ni ukweli, lakini kile kicheko kidogo cha fundi kilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Mwaka uliofuata wakasikia amefariki.

Alhamisi moja mwaka huu mlango ulifunguliwa, akaingia mama mwembamba wa miwani, na mkononi ana taulo lile lile. Bibi Unyevu alilitambua kabla hajamtazama aliyelibeba.

"Wewe ndiye Bibi Unyevu?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Sikuja kuuza, nimekuja kuuliza." Mama alilitua sanduku lakini hakuliachia. "Aliugua miezi mitano. Kila siku alitaka hili liwe karibu naye kitandani. Hakuvuta hata moja. Shemeji zangu wanasema alitapeliwa, akafa amekumbatia takataka, na wanalisema mbele ya wanangu. Nataka kujua kama ni kweli. Ikiwa kweli nitanyamaza. Ikiwa si kweli, nitawajibu."

"Pole sana, mama," daktari alisema toka kitini. "Lakini hilo tulishaliangalia."

"Najua mlivyoliangalia. Aliniambia."

Bibi Unyevu alinawa mikono kwa maji matupu, maana sabuni huacha harufu, akaifuta, akalipeleka sanduku kwenye meza yake chini ya taa. Wanaume wakafuata, wakasongamana mlangoni. Akafungua kifuniko.

Tumbaku changa haijifichi. Huchoma pua kama zizi lisilofagiliwa. Aliinama akingoja kuchomwa, asichomwe. Kwanza hakusikia kitu. Kisha ikaja harufu ya ubao, na nyuma ya ubao harufu laini, ya jikoni mkate ulikookwa asubuhi na sasa ni mchana. Tangu bohari hadi siku ile, pua yake haikuwahi kukutana na utulivu wa namna hiyo ndani ya jani.

"Tumbaku ya zamani unaweza kuitia kwenye sanduku lolote," daktari alisema, na hapo hakukosea.

"Naweza kuzivua pete, dada?"

"Vua."

Kwa ncha ya ukucha aliachanisha gundi ya pete ya juu, akaivua, kisha ya chini, bila kulichana jani. Aliizungusha sigara kwenye mwanga. Akachukua nyingine, akafanya vile vile, akachukua ya tatu. Daktari akasogea na lenzi yake bila kualikwa.

"Pitisha kidole hapa," Bibi Unyevu alimwambia, na sauti yake ilitoka ndogo. "Pete ya juu imeacha bonde. Jani limefifia na kubonyea, limebanwa miaka. Haya, na hapa ilipokuwa ya chini?"

"Kivuli tu," daktari alisema.

"Kivuli tu, na zote tatu ziko hivyo. Tapeli angezivisha pete zote siku moja, na alama zingelingana. Hizi zilivishwa pete moja, zikafungwa sandukuni, likagongwa mhuri, zikalazwa. Miaka minane ikapita. Ndipo wakalifungua sanduku, wakaongeza pete ya pili, wakagonga na mwaka wa kuliuza. Waliandika walichofanya, basi. Sisi ndio tuliosoma vibaya."

Mjane aliisukuma pete yake ya ndoa hadi kwenye fundo la kidole, akatazama ngozi iliyofifia chini yake, akairudisha. Daktari wa meno alivua miwani na kuivaa tena. Wale mabwana wote, waliozoea kuguna na kupinga, walisimama wakizitazama sigara tatu zisizo na pete kama watu walioingia kwenye chumba cha mtoto aliyelala.

"Mume wako hakutapeliwa, dada," Bibi Unyevu alisema. "Kawajibu shemeji zako. Wakibisha, walete hapa."

"Lakini siku ile wewe mwenyewe ulisema..." daktari alianza.

"Nilisema. Nilikuwa na beseni mkononi, nikaona uvivu kulitua. Nilimcheka mtu kwa kitu ambacho sikukifungua." Akamgeukia mjane. "Ni mimi, dada. Hawa walitia shaka, lakini hukumu niliitoa mimi, na sikumtafuta nimwombe radhi. Sasa nakuomba wewe, na najua nimechelewa."

Mjane alianza kulikunja taulo, pembe kwa pembe. "Nilijua ni wewe," alisema. "Nilikuchukia, nisikufiche. Nilimwambia nitalipeleka kwa mtu mwingine yeyote, hata mji mwingine, ila si kwako. Akakataa. Akasema, 'Mpelekee yule mama. Siku ile hakuinusa tumbaku. Akiinusa hatasema uongo, hata ukweli ukimwaibisha mwenyewe.'"

Bibi Unyevu alipapasa nyuma yake akitafuta kigoda, akakaa. Maisha yake yote alikuwa amesoma majani, na watu walimstaajabia. Fundi wa lifti alikuwa amemsoma yeye, hadi ndani kabisa, katika dakika ile ile waliyokuwa wakimcheka.