Tonge la Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Kabondo, watoto wote wa nyumba tulikula sahani moja, na mwenye kuchelewa alilala njaa. Mdogo wangu Feza alichelewa siku zote. Alitafuna mpaka taya zikachoka, akameza huku amefumba macho, akanywa maji, akangoja. Mara nyingine chakula kilikwama kifuani, kikarudi. Sisi tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nami ndiye niliyejua sababu.

Feza alipokuwa na miaka mitatu na mimi saba, Mama alikuwa akipika sabuni ya mawese nyuma ya jiko. Aliniambia nichunge maji ya soda kali, yale ya sabuni yanayounguza, nisiyaguse. Mimi nikayachota kwa kikopo cha chai ili nicheze kupika sabuni yangu. Kugeuka tu nitafute kijiti, Feza amekunywa. Kilio kile mpaka leo nakisikia. Nikamwaga yaliyobaki, nikaficha kikopo, nikamwambia Mama sijui. Mdomo wa Feza ulivimba, Mama akadhani ameumwa na mdudu. Mdomo ukapona. Koo halikupona.

Miaka miwili baadaye mtoto mchanga wa Tonton, mdogo wake Papa, akafa ghafla. Bibi yetu hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyempondea Feza ndizi mpaka zikalainika. Lakini aliamini kwamba mtu mwenye likundu, ule uchawi unaokaa tumboni, koo lake hukataa tonge la mkono wa mzee. Basi baada ya matanga akatuita uani na bakuli la lituma, ndizi zilizotwangwa, akamlisha kila mtoto tonge moja.

Wengine tukameza. Feza alibaki na tonge mdomoni, machozi yakimtoka, akinitazama mimi.

"Meza, mama," Bibi alimbembeleza. "Meza tu."

Alijaribu, maskini. Likakwama, likarudi miguuni pa Bibi.

"Bon," Tonton akasema. "Tumeona."

Papa akanigeukia, maana nililala na Feza kitanda kimoja. "Weye iko naye siku yote. Hii kitu ilianza namna gani? Iko kitu unajua?"

"Hapana, Papa. Sijui."

Niliogopa fimbo. Fimbo tu, jamani! Ningechapwa, na jioni ileile yangekuwa yamekwisha.

Tangu siku ile Feza alikula peke yake nyuma ya jiko, na hakuna aliyepokea kitu mkononi mwake. Usiku alilala ameegemea gunia, chakula kisimrudie. Baadaye hospitalini madaktari walituuliza kama aliwahi kunywa kitu kikali. Nikanyamaza tena. Walilipanua koo lake kwa mpira, akaweza kula wali laini, lakini jina la likundu halikumtoka. Hakuolewa.

Mimi nilizaa watoto saba. Kila nilipompelekea mmoja ambebe, alirudi nyuma. "Hapana, Yaya," akasema; ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Unajua niko na ile kitu." Nami nikamchukua mwanangu, nikanyamaza. Mara saba! Naona haya hata kuandika.

Mwaka jana ndipo nilipomwambia, mjukuu wangu akiwa mapajani. Feza alikuwa akila mkate uliolowekwa kwenye chai, kidogokidogo kama kawaida yake. Nikaeleza yote: soda, kikopo, Papa kuniuliza. Nilipomaliza aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga.

"Lete mutoto."

Nikampa. Alimshika vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto, akamnusa kichwani.

"Saba, Yaya," akasema bila kuniangalia. "Saba yote."

Nilitaka anitukane, nipumue. Hakunitukana. Wala hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Mtoto aliposinzia nikanyoosha mikono nimpokee.

"Acha kwanza," akasema.

Nikaacha.