Hati Niliyoinakili Bila Kuisoma

Dada yangu alipochumbiwa na watu wa Kinondoni, mshenga wao alikuja kwetu Temeke na swali moja: baba yake mama alikuwa nani? Wale walijihesabu waungwana, na walitaka kufu yao kwa nasaba. Mama akajibu kwamba baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na kwamba sie ni watu wa shamba hili. Mshenga akasema jibu hilo halitawatosha waliomtuma. Dada yangu alikuwa amekwisha kumpenda yule kijana. Siku ile hakula.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya ardhi, enzi za Mwingereza, kalamu mbili mfukoni na moja haina wino. Nilijiona nimefika. Nikamwambia mama aniachie mimi, jibu liko ofisini.

"Ya nini kufukua, mwanangu?" aliniuliza.

Sikumsikiliza. Nilitafuta mpaka nikakipata kitabu cha mashamba cha wakati wa Wajerumani, ambacho Waingereza walikirithi pamoja na makabati. Jina la babu lilikuwamo, na baada ya "bin" lilifuata jina la mwenye shamba kubwa, tajiri wa minazi aliyejulikana upande ule wote. Nilisoma mara tatu. Kumbe babu alikuwa mtoto wa bwana mkubwa! Nilitoka nje nikanunua kahawa, nikainywa nimesimama, nacheka peke yangu.

Pamoja na kitabu ilihifadhiwa hati ya zamani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mie herufi hizo sikuzijua. Nilitolewa chuo cha Kurani mapema nikapelekwa shule ya serikali. Mama ndiye aliyezijua, maana alisomesha watoto wa mtaa Kurani kwa miaka mingi. Hati haikuruhusiwa kutoka ofisini, basi nikaomba karatasi nyembamba ya wachora ramani, nikaitandika juu yake na kufuata kila mstari kwa penseli. Ilinichukua mapumziko ya mchana ya siku mbili. Sikumwuliza mtu inasema nini. Nilidhani najua.

Na mshenga nilimwita mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alikaa barazani, mzee mwenye mtoto wa jicho, nikamwamkia, kisha nikampa mama ile karatasi. "Soma, mama, naye asikie."

Mama alisoma kimya kwanza. Akanitazama. Mimi herufi sizijui, mshenga haoni. Angeweza kusoma lolote, na dada yangu angeolewa.

Akasoma kwa sauti yake ya chuoni, polepole. Mwenye shamba anasema amemwacha huru mtumwa wake, na hapo likatajwa jina la babu. Amempa kipande hiki cha shamba akae yeye na kizazi chake. Na kwa kuwa mtumwa huyo baba yake hajulikani, aitwe kwa jina la bwana wake.

Mshenga akapapasa viatu vyake, akavaa. "Nimesikia, mama," alisema. "Nitafikisha." Alisema kwa adabu kabisa. Hawakurudi tena.

Nilingoja aibu inishike, au hasira, lakini nilikuwa nimeingia ganzi. Nakumbuka nilitazama mkeka alipokuwa amekaa yule mzee, ulivyobonyea, nikafikiri kwamba unahitaji kuanikwa. Uani dada yangu alikuwa akitwanga; sauti ya mchi ilikuwa imekoma, sijui tangu saa ngapi.

Nikamwuliza mama kwa nini hakusoma kitu kingine.

"Ni baba yangu," alisema. "Sijapata kuliona jina lake limeandikwa."

Akairudia karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, vilevile alivyokuwa akikagua mbao za kuandikia za wanafunzi wake.

"Umeandika vizuri," aliniambia. "Hukukosea hata nukta."