CD Juu ya Kitambaa

Naandika haya masikio yangu bado yanawaka, na sijui kama yatapoa kabla sijamaliza kidato cha tatu, kwa sababu hapa Ihembe hakuna mtu wa jumuiya yetu ambaye hajui kwamba Koku wa Mzee Byabato (ndiyo mimi) aliweka CD juu ya kompyuta kama mtu anayeweka chapati kwenye kikaango, akasimama pembeni akisubiri iimbe. Na mbaya zaidi ni kwamba iliimba. Isingeimba, aibu ingekuwa ndogo, ingeishia pale pale.

Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua kabisa, najibu kwa kunong'ona mpaka anachoka anamwuliza mwingine. Ila kwenye karatasi niko vizuri, na muhula uliopita nilikuwa wa kwanza mtihani wa kompyuta, ambao (naomba hili libaki hapa hapa) tuliufanya wote kwa kalamu, maana kompyuta za shule ni chache na hadi ifike zamu yako kengele imeshalia. Kukuchorea kompyuta na mishale yake yote naweza. Kuiwasha kwa mkono wangu, nilikuwa nimewasha mara tatu.

Baba hakuijua hiyo tofauti. Alipouza kahawa msimu huu alisema nyumba imekuwa kimya mno tangu Babu afariki, sasa tununue kompyuta ndogo ya mezani, tuiunganishe na TV, tusikilize muziki, tuangalie muvi, na zaidi ya yote Bibi aone CD yake. CD yenyewe ni moja tu. Ni ya kwaya ya zamani ya mtaa wetu, ilirekodiwa siku ya mavuno, Bibi yuko mstari wa mbele sauti ya kwanza na Babu ndiye anayepiga ngoma, na katikati ya wimbo wa mwisho Babu anaita peke yake kwa sauti moja ndefu, halafu kwaya nzima inamwitikia. Deki yetu ilikufa, magoti ya Bibi nayo yakagoma kupanda kilima cha kanisa kwenda kuimba, basi CD ikabaki imefungwa kwenye leso ndani ya Biblia, na kila jioni Bibi anaitoa, anaifuta, anairudisha.

"Chagua wewe," Baba akaniambia. "Wewe ndiye msomi wa kompyuta."

Jumamosi tukaenda mjini Omurushaka. Baba akaingia duka la jirani kuangalia maturubai ya kuanikia kahawa, mimi nikaingia peke yangu kwenye duka la kompyuta, na humo ndani (hapa ndipo mkosi ulipoanzia) alikuwemo muuzaji kijana mwenye meno mazuri, na nyuma yangu wasichana wawili wa kidato cha nne wa shuleni kwetu, wale ambao wakikutazama tu unajikuta unaficha viatu vyako. Kaka muuzaji akaniwekea mezani mashine mbili. Moja ilikuwa CPU kubwa iliyosimama kama kabati, imetumika, ina mikwaruzo. Nyingine, jamani, ilikuwa ndogo kama Biblia, nyeusi, inang'aa, ukiiwasha inawaka kitaa kimoja cha bluu na haipigi kelele hata kidogo.

"Dada, hii ndogo kwa muziki na muvi inatosha kabisa," akasema. "Ila nyumbani mna CD? Maana haina mdomo wa CD. Ile kubwa inao."

Swali rahisi hilo, jibu lake neno moja. Lakini nikasikia wale wasichana wamenyamaza nyuma yangu, nikasikia na mdomo wangu, huu usiosemaga kitu, unasema kwa madaha:

"CD? Siku hizi nani anatumia CD?"

Kaka akacheka, akasema kweli, akaichomeka ile ndogo na kunijazia nyimbo na muvi za bure kama wanavyofanya kwa kila mteja. Nilitoka dukani nimenyoosha shingo kama twiga. Kumbukumbu ilinijia tukiwa kwenye bodaboda, Baba mbele, mimi nyuma, boksi katikati, aliposema bila kugeuka, "Kesho Bibi yako atamsikia mzee wake. Nimeshaomba jumuiya ije isali kwetu." Ningeweza kusema, Baba, turudi. Tulikuwa hata hatujafika mbali. Badala yake nikajiambia labda kuna namna. (Namna ipi? Ndiyo nilikuwa naendelea kufikiri mpaka Jumapili saa tisa mchana.)

Jumapili watu wakajaa sebuleni mpaka barazani. Mama alikuwa ameshaifumia kompyuta kitambaa, chenye maua ya njano, maana kwetu kitu chenye umeme hakikai uchi. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu kidogo, tukasali, tukaimba, mwinjilisti akatoa neno fupi, halafu Baba akasimama.

"Ndugu zangu, mwanangu anasoma kompyuta. Yeye ndiye aliyechagua mashine hii. Leo inatuletea kwaya yetu ya zamani. Koku, haya."

Bibi akafungua leso, akanipa CD kwa mikono miwili.

Nikapiga magoti mbele ya kompyuta, nikaizungusha kushoto, nikaizungusha kulia, nikafunua kitambaa, nikafunika, kana kwamba mdomo umeota tangu jana. Mgongoni nasikia watu wanapumua. Halafu ushauri ukaanza.

"Labda inaingilia chini," akasema mzee mmoja.

"Mpe nafasi, mtoto anaipima," akasema Mama Jeni, jirani yetu, ambaye hajawahi kukaa kimya kwa dakika nzima.

"Koku, vipi?" akauliza Baba, na sauti yake ilikuwa na fahari nyingi kiasi kwamba nikashindwa. Nikailaza CD juu ya kitambaa, katikati ya ua la njano, nikasema kwa kunong'ona:

"Za kisasa haziingizwi. Zinawekwa juu tu."

Nia yangu ilikuwa kupata dakika moja ya kufikiri. Lakini mkono ulikuwa kwenye kipanya, kipanya kikawa juu ya folda ya yule kaka ya muziki na muvi, cha kwanza kabisa kimeandikwa kwaya, nikabonyeza. Kwaya ikatokea kwenye TV imejipanga, inaimba kwa nguvu zote.

Ukumbi mzima (sebule yetu, lakini siku hiyo ilikuwa ukumbi) ukapiga makofi. "Mawe!" akapiga kelele Mama Jeni (kwa kilugha chetu ni kama "mama yangu!"). "Imeisoma kupitia kitambaa!" Baba alitabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma, ambalo sikuwahi kujua kama lipo.

Bibi peke yake hakupiga makofi. Alisogeza kiti, akafinya macho.

"Hii sare hatukuwa nayo," akasema.

"Ni rangi za TV, Mama," Baba akamjibu.

"Babu yako yuko wapi, Koku?"

Hapa ndipo ninapotaka kuruka mstari, lakini nimejiahidi kuandika yote. Nilimwambia, "Anakuja, Bibi. Yuko nyuma." Na Bibi akaamini. Akajifunga upya kitenge chake, akapangusa uso kwa kiganja, akakaa wima kama mtu aliyesikia hatua za mgeni wake uani. Nilitamani kile kitaa cha bluu kinimeze.

Kumbe bado. Mama Jeni hakuwepo tena, alikuwa amekimbia kwao kuchukua CD ya sendofu ya binti yake, na wengine wawili wakamfuata, wakarudi wanahema, wakapanga foleni mbele ya kompyuta, kila mmoja na CD yake mkononi kama watu wa kliniki na kadi. Mwinjilisti naye (mtu mpole sana, hata mbuzi akimlia mahindi yake anamwomba samahani mbuzi) akafungua mkoba wake polepole.

"Hata mimi ninayo moja," akasema, "mahubiri yangu kuhusu kusamehe. Sijawahi kujiona. Kama haitasumbua."

Nani angemkatalia? Mama Jeni mwenyewe akampisha. Mwinjilisti akainua CD ya Bibi kwa heshima, akampa, akaiweka yake juu ya ua la njano, akarudi hatua mbili nyuma, akafunga vifungo vya koti. Na sekunde hiyo hiyo wimbo wa kwaya ukaisha, mashine ikaenda yenyewe kwenye kitu kinachofuata kwenye folda, ambacho kilikuwa muvi ya ngumi iliyotafsiriwa na wale wasimulizi wetu wenye sauti kama za mnada.

"Sasa hapo jamaa kashaingia mwenyewe!" ikanguruma TV. "Mpe! Mpe huyo! Usimwonee huruma! Mvunje na mguu wa pili!"

Wanaume wawili wenye vifua wazi walikuwa wanarushana darajani. Watu wakaitazama TV, wakamtazama mwinjilisti, wakaitazama TV tena.

"Waitu, ndugu zangu," akasema mwinjilisti kwa upole, "mimi hiyo sikuihubiri."

Sijui nilisimamaje. Najua tu nilisikia sauti kubwa inapiga kelele ndani ya nyumba, nikageuka nione ni ya nani, kumbe ni yangu.

"Haina mdomo! Kompyuta haina mdomo wa CD! Kaka wa dukani aliniuliza nikamwambia nani anatumia CD, na sikutaka kuonekana mshamba, na hiyo kwaya siyo yetu, alijaza yeye, na mimi kompyuta nimewasha mara tatu tu maisha yangu yote!"

Baba akazima TV. Akasikika jogoo wa nyumba ya tatu.

"Kwa hiyo babu yako haji?" akauliza Bibi.

"Haji, Bibi. Nisamehe."

Bibi akatazama CD mapajani mwake. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza mbele ya jumuiya nzima, nikaanza kulia kabla yake, ndipo nikasikia kwamba anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, halafu akashika mbavu.

"Nimejifunga kitenge!" akasema. "Nimejipangusa na uso! Mzee mzima namsubiri mwanaume aliyelala ndani ya sahani!"

Basi ikawa hivyo. Mama akacheka, Mama Jeni akakaa chini sakafuni na CD yake ya sendofu, mwinjilisti akavua miwani afute machozi huku akisema, "Mvunje na mguu wa pili, ee Bwana," na kila akisema watu wanaanza upya. Walipopoa Bibi akaupiga kofi mkono wa kiti.

"Nileteeni dumu. Wimbo wenyewe ninao kichwani."

Baba akachukua dumu tupu la maji, akaanza kupiga. Bibi akaimba amekaa, sauti imekwaruza lakini haikupotea njia, na waliokuwa kwaya enzi hizo wakaingia mmoja mmoja. Walipofika katikati ya wimbo, pale pa Babu, Bibi akanyamaza. Wote wakanyamaza. Na Baba, ambaye hata kanisani anaimba na mdomo umefungwa, akainua uso akaita, peke yake, sauti moja ndefu. Tukamwitikia wote mpaka mbwa akatoka chini ya kitanda.

Jumatatu, baada ya shule, nilirudi Omurushaka na CD ndani ya leso. Wale wasichana hawakuwepo, lakini naapa hata wangekuwepo ningesema.

"Shikamoo," nikamwambia kaka muuzaji (anayenizidi miaka mitano labda, ni woga tu). "Mimi ndiye niliyesema nani anatumia CD. Bibi yangu anatumia."

Hakunicheka sana. Akaichomeka kwenye lile kabati la mikwaruzo, akaninakilia yote kwenye flashi, ikachukua muda wa kula chapati moja, ambayo alininunulia yeye.

"Siku nyingine niulize chochote," akasema. "Mimi wiki yangu ya kwanza hapa nilimwuzia mtu spika, akairudisha haina sauti, nikamrudishia hela yake. Kumbe haikuwashwa."

Kwa hiyo nimeapa, na naandika kwa kalamu ya wino ili isifutike: swali la kijinga nitaliuliza dukani, mbele ya watu watatu, nisije kulijibu sebuleni mbele ya jumuiya nzima.

Jioni ile ile tulikaa wanne, Baba, Mama, Bibi na mimi. Nilikuwa nimeshahamisha kila kitu ndani ya mashine, Babu yuko humo, nimehakikisha mara tano. Nikashika kipanya.

"Ngoja kwanza," akasema Bibi.

Akainuka na magoti yake, akafungua leso, akaiweka CD juu ya kitambaa, katikati kabisa ya ua la njano, akaisawazisha kwa kidole.

"Bibi, haihitajiki. Yuko ndani tayari."

"Najua," akasema, akikaa, akijifunga kitenge upya. "Haya. Mwite."

Nikabonyeza.