Nesi Aliyeuliza Habari za Wagonjwa

Jumamosi, kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei, mfanyabiashara wa Mombasa alikuwa akimsihi mpwa wake, nesi anayemaliza masomo hapa Guangzhou, China, atie sahihi mkataba wa hospitali moja huko Omaha, Marekani.

"Mwanangu, nyumba ina bustani, barabara hazina foleni. Wangoja nini?"

"Mjomba, nesi mmoja huko anapewa wagonjwa wangapi kwa zamu?"

Mjomba akakunja uso. Binti akampigia simu wakala aliyeuleta mkataba, akaweka spika, akauliza swali lilelile.

"Dada, huko kuna ziwa zuri sana," wakala akajibu.

Akauliza tena. Wakala akahamia kwenye habari za maduka. Binti akakata simu, akaurudisha mkataba kwenye bahasha bila sahihi.

"Ukaidi tu!" mjomba akanilalamikia mimi niliyekaa meza ya jirani.

Jamani, tangu lini nesi akiulizia wagonjwa akaitwa mkaidi?