Duara la Kijani la Bi Zuwena

Nnataka kumsimulia Bi Zuwena wa Hail, na siwezi kumsimulia yeye bila ya kujitaja mie, ndo maana mwaka mzima nimefunga mdomo. Mie ni Nawar, karani wa skuli moja ya msingi hapa Ghubra, Maskati. Kazi yangu ni kuwapasha wazazi habari: lini kuna michezo, lini watoto wanapigwa picha, lini waje na kofia na chupa ya maji. Watoto mia tatu na arubaini. Watu wakisikia hivo huona nimepata kazi ya kukaa kwenye kiti baridi na kubonyeza. Waje wakae wao siku mbili.

Bi Zuwena kazaliwa Unguja, Mkunazini, kaja Maskati msichana wa miaka ishirini na mitatu. Miaka thalathini kashona sare za skuli kwa cherehani ya mguu, na nusu ya wakubwa wanaopita leo na magari yao pale Hail, suruali zao za kwanza kapinda yeye. Mumewe kafa. Mtoto wake mmoja tu, binti, naye kafa akamwachia mjukuu wa miaka miwili, Hind. Huyo Hind ndo alokuwa mboni ya jicho lake. Alilala naye kitanda kimoja, akamsuka nywele mikia miwili kila alfajiri, akamtilia mkate wa kumimina kwenye kikopo cha chakula wakati wenziwe wanakuja na biskuti. Kitoto cha darasa la pili kikizungumza Kiswahili cha kizee mpaka walimu wa Kiarabu wanacheka: ukimuuliza kitu anakujibu "wallahi sina habari nacho," mkono kiunoni.

Baba yake, Asaad, anafanya kazi Sohar bandarini, na huko kaoa tena. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Kila Alhamisi alikuwa akija kumuona mwanawe, na mkwewe akimwita mama. Lakini Bi Zuwena alishatimia miaka sabiini na nne, ana sukari, macho yanamsumbua, na Asaad alikuwa na wasiwasi. Siku ya kumwandikisha mtoto, mwezi wa tisa, alisema mbele yangu, kwa upole, kwa Kiarabu: mama, Hind atakaa kwako maadamu mambo yanakwenda sawa, lakini siku nitakayosikia mtoto kapata tabu kwa sababu umesahau jambo, nitamchukua. Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa. Tulipobaki wawili akanambia, "Nawar mwanangu, mie hicho Kiarabu chao cha kuandika sikisomi, na macho yangu ndo haya. Usiniache nikapitwa na kitu." Nikamwambia hupitwi na kitu Bi Zuwena, mie nipo.

Na nilikuwepo, kusema kweli. Skuli ilikuwa ishaleta programu mpya ya simu. Tangazo likitoka, jina la kila mzazi linakuwa na duara jekundu, na akilifungua tangazo duara linageuka kijani. Bi Zuwena hafungui kitu. Simu yake ni ya kupigia na kupokelea, basi. Kwa watu kama yeye programu ina kidude, karani akikibonyeza kinaandika "ameambiwa kwa simu", pamoja na jina la karani na saa, na duara linakuwa kijani. Kwa hivo kila jioni yenye tangazo nikimpigia baada ya Magharibi, nnamwelezea kwa Kiswahili, ananikariria neno kwa neno, halafu ananiuliza habari za watoto wangu. Asubuhi yake nnabonyeza. Tangu mwezi wa tisa mpaka wa tatu hakupitwa hata na siku ya kofia.

Sasa ukaja mwezi wa nne, baada ya Idi. Ule ndo mwezi wenyewe wa heka heka, hewa haijaharibika bado, na kila mwalimu anataka kutoa watoto nje kabla jua halijatia adabu. Matangazo matano kwa mpigo: siku ya kupanda miche, siku ya michezo, picha za darasa, maonyesho ya sayansi, na Jumanne moja watoto kutoka saa nne asubuhi badala ya saa saba na nusu kwa sababu walimu wana mafunzo. Jumapili ya wiki hiyo, ndo siku yetu ya kwanza ya kazi huku, mudira, mkuu wetu, kasimama nyuma ya kiti changu mikono kifuani. Anataka kijani kitupu. Kila nyekundu ilobaki ananiuliza huyu nani, huyu kwa nini. Alipofika kwa Bi Zuwena, nyekundu tano zimejipanga. Nikamwambia huyu nampigia simu. Akasema, "Basi?" Nikabonyeza. Mara tano, papo hapo, kijani, kijani, kijani. Nikajisemea moyoni nitampigia kila tangazo jioni yake kama kawaida, kuna ubaya gani.

Jumatatu nilikuwa nimpigie hiyo ya Jumanne. Lakini Jumatatu ndo siku walonipanda wazazi kichwani kwa fulana. Tuliandika watoto waje siku ya miche na fulana ya kijani. Yakhe, kijani gani? Kijani cha jani au kijani cha ndimu? Yenye mikono mirefu inafaa? Mwanangu hapendi kijani, avae njano? Jumbe sitini na tatu, nilizihesabu, na mmoja akanitumia picha ya fulana tatu kitandani nimchagulie. Mie nna hasira za karibu, nnajijua. Nilipofika nyumbani nikaizima simu, nikaitupa kwenye droo, nikasema leo hakuna mtu atakayenipata. Nikapika, nikala, nikalala. Na Bi Zuwena akanitoka kichwani, moja kwa moja, wala hakunirudia.

Jumanne alikuwa na miadi ya macho hospitali. Aliondoka na teksi saa mbili, akijua atarudi kabla basi halijafika. Basi lilifika saa nne na nusu. Wilkister, Mkenya wetu anayesimamia watoto kwenye basi, aliteremka naye Hind mpaka mlangoni, akabisha, kimya. Akatazama karatasi aliyopewa ofisini. Pale penye jina la Hind imeandikwa mlezi ameambiwa. Hind mwenyewe akamwambia bibi yumo chooni, kila siku hukaa sana chooni. Nyuma watoto kumi na wanane wanalia joto ndani ya basi. Wilkister akamkalisha barazani, akaondoka.

Mlango wa nyumba ile unatazama mashariki, na baraza haina hata mti. Siku hiyo joto lilikuwa limekuja ghafla, la kama mwezi wa sita. Hind alikunywa maji yake, yakaisha. Majirani wapo makazini. Bi Zuwena alirudi saa saba kasoro, macho yametiwa dawa ya kupanua mboni, haoni ila ukungu, anapapasa ukuta kutafuta tundu la ufunguo. Mguu wake ukagusa kitu laini. Alidhani ni mfuko wa nguo za dobi. Akainama akashika kichwa cha mtoto, na akaijua mikia ile miwili kwa vidole vyake.

Hind hakufa. Nnalisema mapema kwa sababu mie mwenyewe saa tatu nzima nilikaa bila ya kujua. Alilazwa siku mbili, wakamtia maji kwenye mshipa, akapona. Asaad alifika kutoka Sohar usiku ule ule. Hakumgombeza mkwewe. Alikaa pembeni ya kitanda kashika mguu wa mwanawe, na watu walomuona wanasema hakuondoa macho mpaka asubuhi.

Alhamisi tukaitwa ofisini kwa mudira: Asaad, Bi Zuwena, Wilkister na mie. Wilkister akaeleza yake, akaweka karatasi mezani. Asaad akamuuliza mkwewe kwa sauti ya chini, mama, walikwambia wanatoka mapema? Bi Zuwena akasema, "La. Sikuambiwa. Ningeambiwa nisingetoka." Kasema bila ya kusita, uso kaunyanyua.

Mudira akageuza kioo cha kompyuta. Likaonekana duara la kijani, na chini yake maneno, na Asaad akayasoma na kumfasiria mkwewe pole pole: mlezi ameambiwa kwa simu, Jumapili, saa tano na robo, Nawar.

"Nani?" Bi Zuwena akauliza.

"Nawar."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Nilijua wakati ule ule kwamba neno moja tu linatosha. "Sikumpigia." Watoto wa darasa la kwanza wanaliweza. Nikamtazama mudira, nikafikiria kazi yangu, wanangu wawili, na vile watakavonitaja mjini, karani alokaribia kuua mtoto. Nikafyata ulimi. Nilijiambia nitasema baadaye, faragha.

Bi Zuwena akanitazama kitambo, halafu nikauona uso wake unaporomoka, sijui nisemeje, kama mtu alopapasa mfuko akaukuta mtupu.

"Nawar ndo kasema kanambia?" akauliza. Asaad akasema ndo ilivoandikwa. "Basi kanambia. Huyu hasemi uwongo, huyu namjua. Mie ndo nimesahau." Akamgeukia Asaad. "Nimesahau, baba. Wala sikumbuki kama simu ililia."

Asaad akaufunika uso kwa kiganja. Mudira akanipa mkono tulipotoka, akanambia kumbukumbu zangu zimeiokoa skuli.

Wilkister akanifuata kwenye ushoroba. Akanishika kiwiko. "Nawar, niambie ukweli. Ulimpigia huyo mama ama hukumpigia?"

"Nilimpigia."

"Sawa," akasema. "Mimi nimekuuliza tu juu silali. Naona huyo mtoto kila nikifunga macho." Akaenda zake kufuta viti vya basi. Na mie nikaingia ofisini nikakuta wazazi wameuliza fulana zinunuliwe wapi, nikawajibu wote mmoja mmoja kwa adabu.

Wiki iliyofuata Asaad alikuja kuchukua karatasi za uhamisho. Ni mie nilozichapa. Hind alikuwa garini, nikamuona dirishani, nywele kafungwa fundo moja nyuma, sijui nani alomfunga. Siku ya miche ilifanyika siku ya pili yake. Nikawatumia wazazi picha arubaini na maneno mazuri ya kuchipua na kustawi, na maduara yote yakawa kijani kabla ya adhuhuri.

Msidhani sikujaribu. Nimekwenda Hail mara tatu. Mara ya kwanza palikuwa na wageni. Mara ya pili nilikaa garini nje ya mlango nusu saa, nikarudi. Mara ya tatu, mwezi wa kumi, niliingia nimeshajiandaa, nimelikariri neno tangu Ghubra: Bi Zuwena, nisamehe, sikukupigia. Alinifungulia mlango akafurahi kama kaona nduguye. Nikatazama ndani. Kabati, friji, jiko, kila mahala kabandika vikaratasi kwa herufi kubwa za wino mwekundu: ZIMA GESI. FUNGA MLANGO WA NYUMA. UMESHAKULA? Juu ya simu kabandika: ANDIKA UNALOAMBIWA.

"Nimekwenda kwa daktari wa kichwa," akanambia, akinimiminia chai. "Nikamwambia, daktari, mie nnaambiwa neno na mtu nnayemwamini na linanitoka lote, hata sauti yake siikumbuki. Kanipima, kaniuliza mwaka, kaniuliza siku, kanambia nnajibu vizuri. Nikamwambia vizuri gani, nami nimemwacha mtoto juani? Ndo akanipa vidonge hivi."

Nikamuuliza habari za Hind, kwa kuwa ndo njia niloiona ya kuingilia. Akasema Asaad kamtaka amchukue mtoto likizo ya skuli, wiki mbili, yeye mwenyewe kaja kumbembeleza, kamwambia mtoto analia anamtaka bibi yake.

"Nikamkatalia," akasema. "Nikisahau tena je? Nimempenda mno siwezi kumweka na mtu kama mie. Hata kumpigia simu nimepunguza, nisije nikamwahidi kitu halafu kikanitoka."

Kinywa nilikifungua. Wallahi nilikifungua. Lakini nilimtazama yule bibi, miezi sita anajichunga mwenyewe kama mwizi ndani ya nyumba yake, na sikuona neno langu litamrudishia nini isipokuwa kumjulisha alivotupwa, na nani alomtupa. Au labda huo nao ni uwongo wangu mwengine, woga tu nnaupamba. Sijui tena.

Akachukua chupa ya vidonge, akaitikisa, akahesabu vilivobaki kwa kidole.

"Huu mwezi wangu wa pili nnavimeza hivi," akasema. "Wewe una akili ya kuangalia watu, Nawar, na huwezi kunificha. Unaniona afadhali kidogo?"

"Nnakuona afadhali, Bi Zuwena," nikamwambia.

Akameza kimoja na chai, akanishukuru.