Rangi Ngumu ya Gari la Baba

Mujukuu wangu Ramazani ameweka mikebe miwili ya rangi mbele yangu, hapa kwetu Kasongo, eti nichague. Anafufua kamioneti, lile gari la mizigo la zamani la baba yangu, apate kubeba wafanyabiashara wa kwenda Salamabila. "Bibi, hii inapauka upesi. Hii ingine iko na dawa ya kuikaza, jua na mvua haziiwezi."

Nikamwambia chukua ile ya kupauka. Akacheka. Basi sikiliza wewe, ndugu yangu, maana yeye hasikilizi.

Baba hakuamini maneno ya wauza rangi. Alikata vipande vya bati, akapaka kila kimoja rangi yake, akavipigilia juu ya paa la jiko la Mama, penye moshi wa kuni na mvua yote. Sisi watoto, mimi, Zaina, Asumani na Feza, tulikaa chini yake tukinusa sombe, majani ya muhogo, na mawese, tukibishana kipi kitashinda. Kikashinda cha buluu. Baba akapaka gari lote kwa mukono wake.

Halafu vita vikafika. Watu wakaingia pori. Baba akakataa kuacha gari. Tulilipaka matope toka paa mpaka magurudumu, tukalifunika makuti ya mchikichi nyuma ya nyumba. "Sasa iko kama kichuguu," Baba alisema, hata Mama akacheka. Alfajiri mvua ikanyesha. Rangi yetu ngumu haikushika matope hata kidogo. Yaliteremka yote, upepo ukatupa makuti, na jua lilipotoka gari likang'aa mpaka likaonekana toka barabarani. Wenye bunduki wakaja. Hakuna kati yao aliyejua kuendesha, basi wakamuweka Baba kwenye usukani. Mama aliwafuata akilia mpaka pumzi ya kukimbia ikamwishia.

Gari tulilikuta baadaye njia ya Lusangi, viti vimeng'olewa, rangi haina hata alama. Baba hatukumuona tena. Tukalisukuma mpaka nyumbani, na tangu hapo limekaa nyuma ya nyumba, kutu ikilila kutoka ndani.

"Bibi, hiyo ni ya zamani," Ramazani ananiambia.

"Na sasa wenye bunduki wamekwisha?"

"Wako. Lakini gari la kupauka, nani atalipanda?"

Amepaka ile ngumu. Kesho anashika njia ya Salamabila. Zaina, Asumani, Feza, wote wamelala udongoni. Hakuna aliyebaki wa kunisaidia kumukataza. Gari limepata ngozi mpya. Baba hata kaburi hana.