Poda ya Mama na Maji ya Kisima

Sikuweza kukaa. Asubuhi ya kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni, roho ilikuwa juu juu, nikazunguka nje ya ukumbi mpaka viatu vipya vikaanza kunikata. Mama alikuwa keshaingia, kitenge cha sherehe mwilini, kopo la poda mapajani. Kwetu Lubumbashi juri, yaani jopo la watahini, ikitangaza kwamba umefaulu, ndugu hukumwagia poda kichwani, kisha mnakwenda nyumbani kula.

Juri haikunitisha. Kilichonitisha ni kisima chetu. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake, na mama hukisifu kuliko anavyotusifu sisi watoto. Kazi yangu ilihusu visima vya mtaa wetu, na majibu ya maabara yalikuwa wazi: maji yana madini yanayotoka kwenye mwamba wenyewe, hayafai kunywewa, na kuyachemsha hakusaidii.

Nilipoyapata majibu nilimwambia mama kwamba maji yana shida. Tangu siku hiyo akawa anayachuja kwa kitambaa safi. Nilikasirika, tena nilijikasirikia mwenyewe, maana shida ni neno la mtu anayeogopa. Na kila nilipoanza upya, mama aliinuka.

"Kisima ya baba yako haina kosa," alisema, akaenda kutafuta ufagio.

Chuoni tulikuwa na asistenti, mwalimu msaidizi, aliyewasaidia wanafunzi kuandika. Kila Jumatano alitukusanya, na sharti lake lilikuwa moja: weka karatasi chini, simama, waeleze wenzako kazi yako kwa Kiswahili cha nyumbani kwanza, Kifaransa baadaye. Kwa ukali wake tulimwita Polisi. Zamu yangu ya kwanza nililikwepa sharti, nikatiririsha Kifaransa kinene nilichokariri, hali inatia wasiwasi, uchunguzi zaidi unahitajika. Akanikatisha.

"Mademoiselle, hapa unajificha. Ni nani anakunywaka ile maji?"

"Mama yangu."

"Basi sema na yeye. Sisi tutasikia tu."

Wiki nzima nilimchukia. Lakini nilirudi Jumatano iliyofuata, na zilizofuata, nikifuta sentensi moja baada ya nyingine, hadi kazi yote ikabaki maneno machache ambayo yeyote angeyaelewa. Aliyebaki kuambiwa ni mama, na mama hakai akasikiliza.

Ila siku ya utetezi alikaa. Kifaransa changu kilitoka kifupi, maswali nikayajibu bila kutazama dari. Juri ikatangaza kwamba nimefaulu, na mwenyekiti akaniruhusu kushukuru familia, kama ilivyo desturi. Nikamgeukia mama. Nilimshukuru, kisha nikaendelea:

"Mama, maji ya kisima yetu haiko muzuri ya kunywa. Hata ukichuja, hata ukichemsha. Baba alichimba muzuri. Ni majiwe ya chini iko mubaya."

Nilijua mama ameudhika. Nilidhani atainuka aondoke, na kweli aliinuka, lakini akaja mbele. Alifungua kopo, akanimwagia poda kichwani mpaka ikaniingia machoni. Akanisogelea sikioni.

"Chakula yote ya bageni nilipikia ile maji," alisema. "Twende tuimwange kabla bafike."